Vumbi la Dirishani

Binti yangu alipotimiza miaka mitatu alikuwa na maneno kumi na saba. Najua idadi hiyo kwa sababu nilikuwa nayaandika nyuma ya kadi yake ya kliniki usiku, wote wakishalala, nikitarajia orodha irefuke. Ikapita miezi minne. Neno moja liliongezeka, na mawili aliyokuwa nayo yakapotea.

Sikumpeleka kwa daktari. Nilikaa na ile orodha karibu mwaka mzima, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: kila mtoto ana wakati wake, fulani naye alichelewa na leo ni mhandisi. Walionijibu hivyo walinipenda na walitaka nilale usingizi. Nami nililipokea jibu lao haraka mno, kwa kuwa lilinipunguzia hofu. Leo mzazi akiniuliza kuhusu mtoto aliyechelewa kusema, namwambia ampeleke wiki hii. Akikutwa mzima, hakuna alichopoteza. Maneno yaliyokuwapo yakianza kupotea, asingoje hata hiyo wiki iishe.

Kosa la pili linaniuma zaidi. Binti yangu alikuwa hatulii. Nikimpa jambo la kufanya, analiacha katikati. Akikasirika hulia mpaka anaishiwa pumzi. Hakuwa na hamu ya chakula, alifunga choo mara kwa mara, na alilalamika tumbo bila kuwa na neno la kulielezea, akiweka tu mkono wangu juu yake. Nilimwita mkaidi. Nilimchapa, zaidi ya mara moja. Mwalimu wake wa shule ya awali akaniambia kwa upole kwamba mtoto ni mzito kuelewa, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikijiuliza amerithi nini, na kwa nani. Nilikuwa nikimtafuta mwenye kosa ndani ya mtoto. Sikuwahi kutazama chumba alichokuwa analala.

Tulianza na kipimo cha masikio, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri hawezi kusema vizuri. Masikio yalikuwa mazima. Kutoka hapo tulielekezwa kwa daktari wa watoto ambaye robo saa nzima ya kwanza aliniuliza habari za nyumba. Ilijengwa lini? Rangi ya kuta na madirisha inabanduka? Kuna barabara kubwa karibu? Kuna gereji, karakana au yadi ya vyuma chakavu? Kuna mtu nyumbani anayefanya kazi ya betri, rangi au kuyeyusha madini, akarudi na nguo zake za kazi? Mnapikia sufuria za kununua dukani au zilizoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu? Mnatumia vyombo vya udongo vyenye rangi ya kung'aa? Mnampaka mtoto wanja? Vikolezo vya unga mnavitoa wapi? Mtoto anakula udongo, anatafuna mbao?

Nilijibu hapana kwa mengi. Kisha nikamwambia kwamba tunakaa ghorofa ya kwanza kando ya barabara kuu, nyumba ya zamani, na upande wa nyuma kuna yadi inayopasua betri chakavu za magari. Na kwamba ndiyo, ana tabia ya kusimama dirishani akiangalia magari, akiwa ameweka mdomo kwenye ubao wa dirisha. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mamia ya mara. Tuna picha zake akiwa amesimama pale.

Daktari akaagiza damu ipimwe madini ya risasi, metali yenye sumu iliyomo kwenye rangi nyingi za zamani na kwenye betri za magari.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kuchoma kidole, kikatoa 17, yaani mikrogramu 17 za risasi katika desilita moja, sehemu ya kumi ya lita, ya damu. Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: vumbi lililo kwenye ngozi ya kidole linaweza kuchanganyika na tone la damu na kupandisha namba. Kwa hiyo majibu yakiwa juu, omba yathibitishwe kwa damu iliyotolewa kwenye mshipa. Ya mshipa ilitoa 14. Nikauliza, hiyo ni nyingi? Daktari akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto akifikia 5 chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Marekani mwaka 1991 mstari wa kuchukua hatua ulikuwa 10. Mwaka 2012 ukashushwa hadi 5, na mwaka 2021 hadi 3.5. Miili ya watoto ni ileile ya zamani. Kilichobadilika ni ujuzi wa watafiti, ambao kila walipotazama chini zaidi walikuta madhara. Na kinachoshangaza ni kwamba mikrogramu za mwanzo ndizo zinazoondoa alama nyingi zaidi za uwezo wa akili, ukihesabu mikrogramu moja moja, kuliko zinazofuata. Anayesema "ni kidogo tu" hajui anachokisema. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kukisema.

Nilisoma sana miezi ile, na kilichonikaa kichwani ni jinsi risasi inavyoudanganya mwili. Mwili huichukulia kama kalsiamu. Unaipokea, unaisafirisha, unaiweka akiba kwenye mifupa, na unaipitisha hadi kwenye ubongo, mahali ambapo seli za neva hupeana habari kwa kutumia kalsiamu. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile kilichoingia tumboni. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi, na binti yangu alikuwa nao. Na haya yote hutokea wakati ambapo ubongo unajengwa kwa kasi ambayo haitarudi tena: kufikia miaka mitatu umeshafikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na kufikia miaka mitano kama asilimia 90. Umri wa kutambaa, kugusa kila kitu na kupeleka mikono mdomoni ndio huohuo. Ndiyo maana risasi katika damu ya watoto huwa juu zaidi kati ya miezi 18 na 30 hivi. Mimi nilimpima alipokaribia miaka minne, kwa hiyo sitajua kamwe ilikuwa ngapi alipokuwa na miaka miwili.

Sasa nisimulie kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu ndilo hasa lililonifanya niandike.

Siku mbili baada ya majibu, mume wangu akiwa safarini, nilinunua msasa na brashi ya chuma nikaanza kukwangua rangi ya madirisha. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilijifunga kitambaa usoni, nikafungua madirisha nikidhani upepo utalitoa vumbi, nikakwangua kutwa nzima na kesho yake nusu siku. Nilikuwa na hasira na ile rangi kana kwamba ni mtu. Nikamaliza, nikafagia kwa ufagio mkavu, nikapaka rangi mpya nyeupe. Nilijiona nimemwokoa mwanangu.

Baada ya wiki sita alipimwa tena: 21. Nami nikapimwa, kwa sababu ya mimba: 9.

Daktari hakunikemea. Alinieleza taratibu kwamba rangi iliyoshikamana vizuri ukutani haina hatari kama ile iliyosagwa kuwa unga. Nilikuwa nimechukua sumu iliyotulia mahali pamoja na kuisambaza sakafuni, kwenye godoro, kwenye midoli, na kwenye mapafu yangu mwenyewe. Vumbi hilo ni laini hata huwezi kuliona. Tena risasi hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi, na katika ujauzito mifupa ya mama hutoa sehemu ya akiba yake ya miaka mingi pamoja na kalsiamu inayokwenda kwa mtoto. Aliniandikia kalsiamu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za kliniki kwa muda ambao siwezi kuukadiria.

Kwa hiyo, tafadhali: usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, usiichome kwa moto, usiipige msasa. Kama ni lazima iondolewe, mtoto na mjamzito wahame kwanza, sehemu iloweshwe wakati wote, sakafu ifunikwe kwa plastiki, na afanye mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Kama huna uwezo huo kwa sasa, funika. Sisi baadaye tuligandisha ubao mpya juu ya ule wa zamani, tukaziba kingo, na kitanda tukakihamishia ukuta wa pili. Ilikuwa kazi ya saa tatu. Ningeanza na hiyo, binti yangu asingefika 21.

Katika uchungu huo watu wakaniletea dawa za kusafisha damu. Nilinunua moja, na pesa iliyokwenda humo ingetosha kumlipia mtaalamu wa lugha, yule anayewasaidia watoto waliochelewa kusema, kwa miezi miwili. Nikamwonyesha daktari kabla sijaanza kumpa, nikashukuru kwamba angalau hilo nililifanya. Dawa halisi za kuondoa risasi mwilini zipo, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unazipendekeza kwa watoto walio na 45 au zaidi. Zina madhara yake na hutolewa chini ya uangalizi wa hospitali. Kwa mtoto wa 21 tiba ni kukata chanzo, kumpa chuma na kalsiamu, kumsaidia kujifunza, na kungoja. Kungoja ndiko kugumu. Risasi iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa kama mwezi mmoja ikiwa hakuna nyingine inayoingia, ila iliyojificha mifupani huendelea kurudi kwenye damu kidogokidogo, kwa hiyo namba hushuka polepole kuliko unavyoomba.

Afisa afya alikuja na kifaa cha mkononi kinachosoma rangi kwa miale ya eksirei. Rangi mpya, kwa kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa, isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Madirisha yetu yalizidi kiwango hicho mara nyingi sana. Kisha akatoka nje, akachota udongo mahali watoto wa jengo zima walipokuwa wakicheza, upande wa yadi, na nikamwona akiandika kwa muda mrefu. Sehemu kubwa ya risasi inayotumika duniani, kama asilimia 85, huingia kwenye betri. Betri zikipasuliwa na kuyeyushwa ovyo, vumbi lake hutua juu ya kila kitu kilicho karibu. Na barabara kuu nayo ilikuwa imeacha urithi wake: petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa kwa ajili ya magari duniani kote mwaka 2021 tu, lakini iliyokwisha kutoka kwenye mabomba ya moshi kwa miaka mingi haiozi. Hukaa udongoni kandokando ya barabara.

Nilidhani msiba huu ulikuwa wangu peke yangu. Shirika la UNICEF lilikadiria mwaka 2020 kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, hadi watoto milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi. Mtoto mmoja kati ya watatu. Nilipoisoma namba hiyo nilikumbuka darasa la binti yangu na wale waliokuwa wakiitwa watundu, wazito, wasiosikia.

Nyumbani tuligeuza desturi zetu zote. Viatu vilibaki nje ya mlango. Ufagio mkavu ulitupwa, tukawa tunapangusa kwa kitambaa kilicholowa na kudeki kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, ili tusirudishe uchafu sakafuni. Ubao wa dirisha ulipanguswa kila siku. Mikono ilioshwa kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, na midoli pia. Udongo mtupu mbele ya mlango tuliufunika kwa udongo safi na nyasi. Maji ya kunywa na kupikia tuliyachota baada ya kuacha bomba litiririke kwanza, kwani mabomba yalikuwa ya zamani, na sikutegemea kuyachemsha, maana kuchemsha hakuondoi risasi. Nilimlisha kwa ratiba, kwani tumbo tupu hufyonza zaidi, nikihakikisha kila siku kuna kitu chenye chuma na kitu chenye vitamini C cha kukisaidia kufyonzwa. Lakini niseme kweli: usafi peke yake haukutosha. Unapunguza, na unampa mzazi kitu cha kufanya kwa mikono yake badala ya kulia, ila kama yadi inaendelea kupasua betri unapangusa leo na kesho vumbi limerudi.

Mtaalamu wa lugha ndiye aliyetufumbua macho kuhusu kelele. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Siku ya kwanza alikaa sakafuni na binti yangu, akasema neno, akangoja. Lori likapita. Akalirudia, pikipiki mbili zikapita. Akasimama, akafunga dirisha, akazima televisheni ambayo sikukumbuka hata kuwa imewashwa, akampeleka mtoto kwenye kijichumba cha ndani tulichokuwa tunawekea masanduku. Mle ndani, kwa mara ya kwanza, nilimwona mwanangu akitazama mdomo wa mtu anayesema naye na kujaribu kuuiga.

Nilipotafuta nikakuta jambo hili linajulikana kwa miaka mingi. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Arline Bronzaft alichapisha utafiti kuhusu shule moja ya New York iliyokuwa jirani na reli ya juu. Watoto wa madarasa yaliyoelekea treni walikuwa nyuma katika kusoma, na wa darasa la sita walikaribia mwaka mzima nyuma ya wenzao wa upande mwingine wa jengo lilelile.  Reli ikawekewa mipira ya kupunguza mshindo, madarasa yakawekewa dari za kunyonya sauti, na alipopima tena, akachapisha majibu mwaka 1981, tofauti ilikuwa imetoweka. Mjini Munich uwanja wa ndege ulipohamishwa mwaka 1992, watafiti waliwafuatilia watoto wa pande zote mbili: wa karibu na uwanja uliofungwa kumbukumbu na usomaji wao vikaimarika, wa karibu na uwanja mpya vikashuka. Habari hizi zilinipa moyo kuliko kitu kingine chochote nilichosoma. Kuna madhara yanayoondoka ukiondoa kinachoyaleta.

Kile kijichumba tukakitoa masanduku, kikawa chumba chake cha kulala. Hakina mandhari, lakini alianza kulala usiku kucha. Na kwa sababu ya hewa tukabadilisha njia ya kwenda shule. Barabara kuu ilikuwa fupi, sasa tukapita mtaa wa nyuma, dakika nane zaidi. Jijini Barcelona walifuatilia watoto 2,715 wa shule 39, wakachapisha mwaka 2015 kwamba kwenye shule zenye moshi mwingi wa magari kumbukumbu ya kazi, ile inayokuwezesha kushika jambo kichwani huku ukilitumia, ilikua kwa asilimia 7.4 katika mwaka mmoja, na kwenye shule zenye hewa safi zaidi kwa asilimia 11.5. Dakika nane nilizipata kwa kuamka mapema.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kumwambia mtu kabla ya kuulizwa. Usiku chini ya dirisha letu kulikuwa na ugomvi. Chupa zilivunjwa, watu walipigana, na mara moja mtu aliuawa pale kona. Nilijisemea kwamba mtoto hajui. Lakini alijua. Asubuhi yake hakutaka kuachwa hata niende chooni, na kwa zaidi ya wiki hakusema chochote. Huko Chicago uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto waliopimwa siku chache baada ya mauaji kutokea karibu na kwao walipata alama za chini, hata kama hawakuyaona kwa macho. Mwili unaohisi hatari hutoa homoni ya kotisoli. Hatari ikipita na kukawa na mtu mzima aliyetulia wa kumkumbatia, mwili hurudi katika hali yake. Ikiwa hatari haiishi na mtoto hana wa kumtuliza, ile homoni hukaa juu, na ubongo unaojengwa hujijenga kwa ajili ya vita. Sikuweza kuuzima ugomvi wa mtaa. Niliweza kuacha kuwa sehemu yake: niliacha kumchapa na nikaacha kupiga kelele. Sikufaulu siku zote, na nilipokosea nilirudi kumwomba radhi.

Kuhama tulihama, mwaka mmoja na nusu baada ya kipimo cha kwanza. Akiba yote ya ndoa yetu ilikwisha, tukakopa juu yake, na mume wangu akaongezewa saa mbili za safari ya kazini kila siku. Sisemi kila mtu ahame. Wengi hawawezi, na kumwambia mzazi asiye na uwezo "hama" ni kumwongezea mzigo wa hatia bila kumpa chochote mkononi. Na hata kwa sisi tulioweza, kuhama kulitugharimu kitu ambacho sikukihesabu. Kwenye lile jengo kulikuwa na bibi mmoja, mlango wa tatu, aliyekuwa akimchukua binti yangu kila alasiri na kumsimulia hadithi huku akishona. Alimwita mjukuu. Mtaalamu wa lugha aliniambia wazi kwamba saa zile zilikuwa tiba kuliko zake. Tulipohama, binti yangu alimwulizia kila siku kwa miezi. Mahali anapokulia mtoto ni vumbi na hewa, na pia ni watu wanaojua jina lake. Nikiulizwa na anayetaka kuhama, namwambia ahame mapema kama anaweza. Marekani mwaka 1994 familia za miji mitano zilianza kuchaguliwa kwa bahati nasibu ili zisaidiwe kuhamia mitaa isiyo ya umaskini, na watoto waliohama kabla ya miaka 13 walipokuwa watu wazima walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 31 kuliko wenzao ambao hawakuchaguliwa. Waliohamishwa wakiwa vijana hawakupata faida hiyo. Kisha namwambia achague mtaa mpya kwa miguu yake, usiku na mchana, na asikate mawasiliano na walio wema aliowaacha. Sasa bibi yule huja kwetu kila mwisho wa mwezi.

Kabla hatujaondoka tulifanya jambo moja ambalo najivunia. Nilipeleka majibu ya udongo kwa wazazi wa jengo, mlango kwa mlango. Baadhi walikasirika. Mmoja alinifungia mlango kwa sababu ndugu yake alikuwa anafanya kazi yadini na ndiye aliyelisha familia. Nilimwelewa. Huyo ndugu pia alikuwa na watoto, naye alikuwa akirudi kwao na vumbi kwenye nguo zake. Watoto tisa walipimwa, saba wakawa juu ya 5. Tuliwaandikia wenye mamlaka barua moja, ikasainiwa na wazazi wa hao tisa, ikaambatana na majibu ya damu na ya udongo. Barua yangu ya peke yangu, niliyoipeleka miezi mitano nyuma, haikujibiwa. Hii ilijibiwa katika wiki tatu. Ilichukua muda, na wafanyakazi wa yadi walihitaji kazi nyingine, jambo ambalo sikuona mtu yeyote akilishughulikia kwa dhati. Lakini kazi ya kupasua betri iliondolewa pale.

Namba za binti yangu zilikwenda hivi: 21, 17, 13, 9, 8, na alipofikia miaka saba, 4. Mdogo wake alipimwa akiwa na mwaka mmoja, akawa na 2. Binti yangu anasoma sasa, polepole, kidole chake kikifuata mstari. Hesabu zinamsumbua, na akiwa mahali penye kelele huchoka mapema kuliko wenzake. Nimemweleza mwalimu wake mpya kila kitu siku ya kwanza ya shule, nikaomba akae mbele, mbali na dirisha la barabarani. Sijui angekuwa nani kama tungekaa kwingine. Swali hilo hunijia zaidi usiku. Nimejifunza kuliacha lipite.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye lile jengo kumchukua bibi. Kwenye ghorofa ya kwanza, kwenye dirisha letu la zamani, nilimwona mtoto wa miaka miwili hivi amesimama akiangalia magari, mikono yake miwili juu ya ubao. Ule ubao tulioufunikia ulikuwa umeng'olewa. Rangi ya chini ilikuwa inabanduka.

Nilipanda ngazi nikabisha. Mama aliyefungua alikuwa na mtoto mwingine mgongoni na alinitazama kama mtu anayekuja kudai kodi. Nikamwambia tulikuwa tunakaa humu, na kwamba nina jambo la kumweleza kuhusu dirisha. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilipofika kwenye namba 21 akasogea, akanipisha niingie. Aliniuliza kipimo kinafanyiwa wapi, nikamwandikia. Kisha akauliza afanye nini leo, kabla ya hiyo kesho ya kwenda kupima. Nikamwomba ndoo mbili na vitambaa viwili, tukamtoa mtoto dirishani, tukaanza kuloanisha ubao.